Kwa Nini Nagusa Boneti Kabla ya Kusalimia

Siku ile mliponiaga nilipostaafu, mmoja wenu alisimama na chupa ya soda mkononi akaniigiza. Mteja anashuka garini, ananyoosha mkono, "Shikamoo fundi," na fundi Deo anampita kama hajamwona, anaweka kiganja juu ya boneti, anatulia kidogo, kisha ndipo anageuka: "Marahaba, karibu." Uliniigiza vizuri, hata kikohozi changu hukukisahau. Mlicheka wote, nami nilicheka. Mke wangu hakucheka. Yeye anajua tabia hiyo nimeitoa wapi, na tulipokuwa tunarudi nyumbani aliniambia, "Waandikie. Wasibaki wanadhani kilikuwa kiburi tu."

Basi nawaandikia. Kiburi nilikuwa nacho pia, sikatai, na mtakiona humu. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa. Vyeo vyangu mnavijua, havikuwa vingi, na mshahara mnaujua vizuri zaidi kwa sababu ndio huo mnaoupokea ninyi.

Kazi niliianzia karakana ya ushirika wa pamba, karibu na reli. Nilifika asubuhi ya kwanza nimevaa suruali ya harusi ya kaka yangu, maana nyumbani walisema kazi ya mjini haiendewi na kaptura. Mkuu wa karakana alikuwa Mzee Hemedi, mtu wa mjini kwa kuzaliwa, mrefu, mwenye kofia nyeupe ambayo sikuwahi kuiona ina doa la oili. Nilimwendea na mikono miwili kama nilivyolelewa. "Shikamoo, mzee." Hakunipa mkono. Alinionyesha lori lililoegeshwa mlangoni.

"Gusa ile injini kwanza."

Nikagusa.

"Ikoje?"

"Ya baridi, mzee."

"Haya. Marahaba." Ndipo akanipa mkono. "Dereva wake yule pale anasema amefika sasa hivi kutoka Maswa. Ukianza na watu watakujaza maneno. Anza na chuma, halafu uje kwa watu."

Dereva akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Mimi nilidhani mzee ananichezea kama mgeni, lakini kila asubuhi ilikuwa hivyo. Kiganja kwenye injini, kisha salamu. Gari lililolala lina siri zake zote bado ndani: linawakaje, linatoa moshi gani, linagonga wapi kabla oili haijapanda. Likishapata joto hujificha. Ringi zilizochoka hutanuka zikabana, mlio unapotea, na gari bovu linanguruma vizuri tu. Hayo mnayajua kwa sababu niliwafundisha, nami nilifundishwa na yeye. Hata kusikiliza kwa bisibisi ndefu, ncha kwenye injini na mpini sikioni, kulitoka kwake. Bisibisi hiyo mliyonipa ndani ya kisanduku cha kioo siku ya kuniaga ilikuwa yake. Naomba niitoe humo ndani, haikuzoea kupumzika.

Nilikaa chini yake miaka mingi. Alinifundisha dizeli hasa, kwa sababu malori ya pamba yalikuwa ya dizeli, na nikaja kuipenda dizeli kama mtu anavyopenda chakula cha kwao. Hili la kupenda dizeli mlishike, nitalirudia.

Halafu ukaja wakati wa ruksa, biashara ikafunguliwa kwa kila mtu. Wanunuzi binafsi waliingia vijijini wakanunua pamba wenyewe, malori ya ushirika yakabaki yameegeshwa, majani yakaota kati ya matairi. Asubuhi moja tulipangwa uwanjani tukasomewa majina ya wanaopunguzwa. La kwanza lilikuwa la Mzee Hemedi. Alivua koti lake la kazi, akalikunja vizuri kama kanzu, akaliweka juu ya meza ya vifaa. Tulikuwa tunamtazama tuone atasema nini. Akaelekea getini. Jina langu lilikuwa la tisa.

Wakati huo huo mji ulijaa magari yaliyotumika kutoka Japani. Yalishuka bandarini Dar es Salaam, mengine yakaja Mwanza juu ya mabehewa, mengine kwa barabara yakiwa na vumbi la nchi nzima. Mtu ambaye jana alikuwa anapanga foleni ya sukari leo anauliza habari za viyoyozi na madirisha ya umeme. Mzee Hemedi akawa dalali katika uwanja mmoja wa magari pale Mkolani. Mimi nikawa fundi wa kwenda na wanunuzi. Kwetu mtu hanunui gari peke yake. Anakwenda na mke, na shemeji, na fundi wake, na fundi ndiye anayesubiriwa aseme, kama mshenga anavyosubiriwa. Akisema "chukua," wanachukua.

Ndivyo nilivyopata kufahamiana na Mwalimu Malimi, mkufunzi wa chuo cha ualimu pale Butimba, na mkewe, Mama Kabula. Walikuwa wamejenga Usagara, karibu na njia panda. Kabula, binti yao mkubwa, alikuwa na miaka tisa na alikuwa na selimundu. Ugonjwa huo kanda yetu tunaujua: mtoto yuko mzima anaruka kamba, kesho mifupa inamuuma hadi anashindwa kulia. Baridi ikimpiga, anaumwa. Mara mbili mwaka ule walisimama na mtoto mgongoni pale njia panda wakisubiri lori la kuwapeleka hospitali mjini. Baada ya mara ya pili Mwalimu aliuza ng'ombe wa baba yake na kuja kwangu.

"Sitaki gari la kujionyesha, fundi," aliniambia. "Lakini liwe zuri. Lisitikise. Akilala nyuma asiumie."

Mama Kabula aliongeza, "Na liwe tayari saa yoyote. Hilo ndilo ninalotaka mimi."

Alisema kwa Kiswahili cha taratibu, kile cha mtu anayefikiri kwa Kisukuma kwanza, na alinitazama usoni aone kama nimeelewa. Nilisema nimeelewa.

Pale Mkolani palikuwa na magari mawili ya kuwafaa, yote ya aina moja, marefu, ya familia, ya gia za otomatiki, yale ambayo huko yalikotoka waliyapanda matajiri. Viti vya kitambaa laini kama blanketi, springi za kubembeleza, mlango ukifungwa unasikika kwa heshima. Viti vya nyuma vililala chini ukapata kitanda kizima cha mtoto. Tofauti ilikuwa injini. La kijivu lilikuwa la petroli, pistoni sita, limechubuka ubavuni. Jeupe lilikuwa la dizeli, safi, limeng'arishwa hadi unajiona.

Hapa nasimama kidogo niwaeleze jambo la kazi. Mteja akiuliza dizeli au petroli, msimjibu kwa mapenzi yenu. Mwulizeni gari litalala wapi, litatembea umbali gani, na litahitajika saa ngapi. Gari la kwenda Shinyanga na kurudi kila siku, dizeli. Gari linalokwenda Butimba na kurudi, kisha linakaa siku tatu, halafu alfajiri moja ya mvua linatakiwa liwake kwa swichi ya kwanza kwa sababu kuna mtoto, hilo ni la petroli. Mimi mambo hayo niliyajua. Lakini moyoni nilikuwa bado mtu wa malori ya pamba. Nilikuwa nimeshamwambia Mwalimu njiani kwamba dizeli haisumbui, inapatikana kila mahali, na hata mafuta yakiadimika dereva yeyote wa lori atakusaidia galoni. Mkewe alikuwa akisikiliza kwenye kiti cha nyuma cha teksi.

Tulipoingia uwanjani, Mzee Hemedi alikuwa amesimama mbele ya lile jeupe. Sikuwa nimemwona kwa miezi. Kofia ilikuwa nyeupe bado, ila alikuwa amekonda na shati lilimning'inia. Nilipomwona niliona furaha na uchungu kwa pamoja. Nilimwendea na mikono miwili. "Shikamoo, mzee."

Safari hii aliipokea papo hapo. "Marahaba, Deo! Marahaba, mwanangu!" Akanishika mkono wa kulia na hakuuachia. Wanaume wa kwetu wakipendana hutembea wameshikana mikono, hakuna ajabu. Aliniuliza habari za mke, za watoto, za mama yangu kule Magu, huku tunalizunguka gari taratibu, vidole vyake vimeshika vyangu. Nilijisikia nimeheshimiwa mbele ya wateja wangu. Kisha akamwita mtu wake, "Iwashe, wamsikie Mjapani." Likawaka mara moja, laini, bila moshi.

Nililisikiliza kwa bisibisi yake. Niliweka karatasi nyeupe kwenye bomba la moshi. Nilitazama raba za pedali, ambazo zilikuwa zimelika kuliko mita ya kilomita ilivyodai, na hilo nilimwambia Mwalimu, maana magari yote ya siku zile mita zake zilikuwa zimerudishwa nyuma. Lakini boneti sikuwa nimeigusa kabla halijawashwa. Nililijua hilo pale pale nilipokuwa nimeinama. Nilichotakiwa kusema ni maneno machache: zimeni, tutarudi kesho alfajiri. Kwa kusema hivyo ningekuwa nimemwambia mzee wangu, mbele ya watu, kwamba yeye ndiye yule dereva wa Maswa. Sikuweza.

Lile la kijivu nililigusa. Lilikuwa la baridi. Likawaka kwa kusitasita, likatulia. Halikuwa na mtu wa kulisifia.

Mama Kabula alikuwa amesimama pembeni amejifunga kanga mabegani. Aliuliza swali moja tu.

"Fundi, hili jeupe, asubuhi linawaka?"

Nikamtazama Mzee Hemedi. Alikuwa anatazama barabarani.

"Litawaka, mama," nikasema. "Chukueni."

Wiki ya kwanza Mwalimu alinipigia honi kila alipopita Mkolani. Alikuwa ameligundua tatizo asubuhi, lakini lilikuwa dogo: anazungusha stata mara tatu, mara nne, linawaka na moshi mweupe. Alidhani magari ya dizeli ndivyo yalivyo. Hakuniuliza kwa sababu mimi ndiye niliyelichagua, na hakutaka kunivunja moyo. Kwa hiyo wote tulikuwa tunaoneana haya, na mtoto yuko katikati.

Kabula alianza kuumwa kifua alfajiri moja ya masika, baridi ya mvua ya usiku ikiwa bado nje. Haya niliyasikia kutoka kwa mama yake, nami nayaandika kama alivyoniambia. Walimlaza nyuma kwenye viti laini, wakamfunika. Mwalimu akazungusha stata hadi betri ikalegea. Majirani wakatoka, watu kumi na zaidi, wakafanya kile ambacho kila mtu wa Mwanza aliyewahi kuona lori anajua kufanya. Wakasukuma. Walilisukuma hadi barabarani, wakalisukuma kwenye mteremko, wakaligeuza, wakalirudisha juu kwenye tope wakaanza tena. "Bado kidogo! Limekaribia!" Karibu saa nzima. Mtoto aliwaambia, "Baba, msisukume sana, mtachoka."

Gari la gia za otomatiki halisukumwi likawaka. Hata ulisukume hadi Shinyanga. Ninyi mnajua tangu wiki ya kwanza ya chuo. Wakati ule, njia panda ya Usagara, nani alijua? Ilikuwa kazi yangu kuwaambia, na sikuwaambia, kwa sababu mtu hamwambii mteja gari likigoma ufanye nini wakati amemwambia litawaka.

Lori la nyanya kutoka upande wa Busisi ndilo lililowachukua mwishowe. Kabula alikata roho kabla hawajafika Butimba.

Nilikwenda msibani nikakaa na wanaume nje siku mbili, sikuweza kusema. Siku ya tatu, watu walipopungua, nilimwomba Mwalimu na mkewe waniruhusu niseme neno. Niliwaambia kwamba sikuligusa lile gari kabla halijawashwa, kwamba nilikumbuka nikiwa nimeinama, na kwamba nilinyamaza kwa kumwonea haya mzee wangu.

Mwalimu aliinamisha kichwa. Mkewe ndiye aliyesema.

"Ulijua ni bovu?"

"Sikujua, mama. Nilitakiwa kujua."

"Uliniambia litawaka."

"Niliwaambia."

Aligeuka kuelekea mlangoni. Ndani, mdogo wake Kabula, Mathayo, alikuwa analia, na shangazi mtu anambembeleza. "Huyu naye wamempima," alisema Mama Kabula. "Ana damu hiyo hiyo. Litengeneze, fundi. Gari lingine hatuna."

Kutoka hapo nilikwenda kwa Mzee Hemedi. Nilimkuta uwanjani peke yake, ameketi juu ya tairi. Sikumpa shikamoo. Nilimweleza kilichotokea, mwanzo hadi mwisho, na nikamwuliza kama alikuwa amelipasha moto lile gari kabla hatujafika.

"Tangu saa mbili," alisema.

"Na mkono wangu, uliushika nisiguse?"

"Nilikushika wa kulia, Deo. Wa kushoto ulikuwa huru." Alikuwa anatazama viatu vyake. "Nilikuwa nangoja uutoe uguse. Wallahi nilikuwa nangoja. Nikasema akiutoa, basi, nitamwambia kweli, nitampa lile la kijivu. Hukuutoa."

Nilimchukia siku hiyo kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Aliacha udalali mwezi ule ule, akawa anauza vifuniko vya rejeta na mikanda ya feni kwenye kibanda, na alipofariki nilikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Alinifundisha kila ninachokijua, na lile la mwisho alinifundisha kwa namna ambayo simwombei mtu yeyote. Yote mawili ni kweli, na sijapata njia ya kuyatenganisha.

Injini niliifungua mwenyewe, nyumbani kwa Mwalimu, chini ya turubai. Plagi za kupashia, zile zinazotia joto kabla dizeli haijawaka, tatu kati ya nne zilikuwa zimekufa. Ringi zimelika. Nilibadilisha kila kitu, na sikumwachia Mwalimu atoe chochote. Nilimfundisha yeye na mkewe kuunganisha betri ya pili, na nikawaonyesha, mara nyingi, kwamba gari hili halisukumwi. Kisha nikawaambia nitakuwa nakuja kila Jumamosi alfajiri, kwa baiskeli kutoka Mkolani, kuliwasha likiwa limelala.

Jumamosi ya kwanza Mama Kabula alitoka ndani akiwa na Mathayo mgongoni. Hakunisalimia. Alipita mbele yangu, akaweka kiganja chake juu ya boneti, akakiacha hapo. Alikuwa anahakikisha kwamba sikulipasha moto kabla. Kisha akanitazama, nami nikawasha. Likawaka. Akarudi ndani.

Ilikuwa hivyo masika yote na kiangazi chote. Hatukuwahi kuongea. Nafika, anatoka, anagusa, nawasha, anarudi ndani, napanda baiskeli. Mara mbili walimkimbiza Mathayo hospitali alfajiri, na mara zote mbili gari liliwaka kwa swichi ya kwanza. Haya niliambiwa na Mwalimu.

Jumamosi moja, vuli inaanza, alitoka bila kutazama gari. Mtoto alikuwa anatembea mwenyewe, ameshika upindo wa kanga yake. Alikuja moja kwa moja hadi niliposimama, akaninyooshea mkono.

"Habari za asubuhi, fundi. Ingia ndani, chai iko tayari."

Mkono wake ulikuwa hapo mbele yangu. Ndio mkono nilioutamani kuliko kitu chochote tangu msibani, na machozi yalinitoka, sioni aibu kuyasema.

"Samahani, mama," nikamwambia. "Nisubiri kidogo."

Nikampita, nikaweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa baridi kabisa, na umande juu yake. Nikaingia, nikawasha, likawaka. Nikazima. Yeye alikuwa amesimama pale pale, mkono bado ameunyoosha, ananingoja.

Ndipo nikampa wangu.